Safari ya meli kwenda kuona mwanga wa kaskazini Norwei: tumepigwa, na majibu yao ni dharau

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Niko Uingereza. Mwezi wa pili nilimlipia mama safari ya Norwei, kwa sababu tangu aone picha za ule mwanga wa kijani angani hakuacha kuutaja. Kampuni ya hapa hapa ilituuzia kifurushi kizima: ndege hadi Bergen, meli ya kupanda na pwani hadi Tromsø, kisha nchi kavu kwenye nyumba za mbao nje ya mji, gizani. Hilo giza ndilo nililolipia. Tromsø iko nyuzi 69 kaskazini na msimu wa mwanga ni Septemba mwishoni hadi Machi, lakini ukiwa chini ya taa za mji unaona ule mkali tu, uliofifia wote unakupita.

Najua kuna watakaosema anga halina mkataba na mtu. Sawa. Chembe zinatoka kwenye jua, zinagonga hewa kilomita mia moja na zaidi juu yetu, na wingu likifunga huoni kitu. Hayo simdai mtu. Nadai yaliyokuwa mikononi mwao.

Kwenye meli, mapokezi wana orodha ya abiria wanaotaka kuamshwa mwanga ukitokea. Kiongozi wa msafara alichukua namba za kabini zetu, akasema atazipeleka mwenyewe. Mama akalala na sweta na soksi, buti kaziweka mlangoni, simu ya kabini kaisogeza hadi kwenye mto. Haikulia. Asubuhi wakati wa chai, mzee mmoja Mjerumani wa meza ya jirani akatuonyesha picha: anga la visiwa vya Lofoten lote kijani, chini lina ukingo wa waridi. Yeye alipigiwa simu saa saba usiku. Nikaenda mapokezi, wakanifungulia orodha. Hakuna kabini hata moja ya kundi letu! Mama hakusema neno. Alisukuma kikombe pembeni akarudi kulala.

Tromsø ndiyo kabisa. Nyumba za mbao eti zimejaa, tukatupwa hoteli ya katikati ya mji, taa ya bandarini inamulika dirishani hadi kitandani. Anayetaka giza alipie basi la ziada! Yaani nilipe mara mbili kitu kilichomo kwenye risiti yangu.

Nimewaandikia, wananizungusha danadana: mwanga ni jambo la asili, hawawezi kuuhakikisha. Nani kauliza hilo? Kanuni za Uingereza za mwaka 2018 kuhusu safari za kifurushi ziko wazi: aliyekuuzia kifurushi anawajibika kwa kila huduma iliyomo, hata kama hoteli na meli ni za watu wengine, na ukipewa pungufu ya mkataba una haki ya kupunguziwa bei. Nililalamika palepale kwa maandishi. Picha ya lile dirisha ninayo.

Vocha yao ya punguzo la safari ijayo siitaki. Nataka tofauti ya bei ya malazi, hela ya basi, na barua ya kumwomba mama radhi. Aliyewahi kuibana kampuni ya namna hii akalipwa, anieleze alianzia wapi: chama cha mawakala wa usafiri, au alikwenda moja kwa moja mahakama ya madai madogo?