Sampuli za vinasaba vyetu zitoke nchini kwa masharti gani?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu kliniki ya selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoita, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwanawe ana miaka sita. Kabla ya kuonana na daktari akapewa fomu ya utafiti asaini. Niliisoma mstari kwa mstari: damu ya mtoto itahifadhiwa, inaweza kupelekwa nje ya nchi, inaweza kutumika kwa tafiti zijazo. Siku dawa ikipatikana, mtoto huyu atapata nini? Hapakuwa na neno. Dada akasaini. Mama aliyekesha siku nne na mtoto anayelia maumivu ya mifupa hana nguvu ya kubishana na karatasi.

Na dawa imeshapatikana. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni ya kampuni za Vertex na CRISPR Therapeutics. Marekani ikafuata Desemba. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, wanakata swichi ya jeni inayozima himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya mtoto aliye tumboni ili iwake tena, kisha wanamrudishia. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania pekee inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Tukumbuke pia elimu hii ilipitia wapi. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hukingwa na malaria kali. Alipima damu za watu wengi wa Afrika Mashariki, na kule Nairobi aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu wakiwa na jeni hiyo na nusu hawana.

Msimamo wangu: sampuli isivuke mpaka kabla ya mkataba kutaja bei ya dawa kwa nchi ilikotoka. Mkataba usiotaja hilo tuukatae, hata utafiti ukichelewa.

Mchangiaji, fundi wa maabara

Mkuu, uchungu wako ni wangu, lakini hoja umeifunga vibaya. Ile swichi haikugunduliwa kwa damu ya Wajaluo. Ilijulikana mwaka 2008, na miongoni mwa waliopimwa ni watu wa Sardinia, Italia. Tukienda mezani na madai ya 1954 tutarudi mikono mitupu.

Halafu, hata tungepewa Casgevy bure kesho, tungewapa wagonjwa wetu hospitali gani? Mgonjwa lazima kwanza apewe dawa kali za kuua uloto wake wote (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), alazwe wiki kadhaa kwenye chumba maalumu, damu ya kumwongeza iwepo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na hilo ni jambo la kujivunia kweli, ila nafasi ni chache mno ukilinganisha na watoto wanaosubiri. Wengi hawajapimwa hata mara moja. Wanakufa wakiitwa wagonjwa wa malaria. Kupima kila mtoto anapozaliwa, penisilini ya kuzuia maambukizi na haidroksiyurea, kidonge cha kupunguza makali ya selimundu, vingewaokoa wengi kuliko hizo dola milioni mbili.

Na fedha za utafiti zinatoka huko huko nje. Mwaka 2019 taasisi za afya za serikali ya Marekani na mfuko wa Gates ziliahidi dola milioni 100 kila upande ili tiba za jeni za selimundu na VVU ziwe za bei ambayo Afrika inaimudu. Ukiweka ukuta, hao nao watapeleka fedha kwingine.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nasimama na mleta mada, ila kwa mfano mwingine. Mwaka huo huo wa 2019 taasisi ya Sanger ya Uingereza, inayotafiti vinasaba, ililaumiwa kwamba ilitaka kutengeneza kifaa cha kibiashara kwa kutumia vinasaba vya Waafrika bila ridhaa wala makubaliano yanayostahili. Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kikadai kirudishiwe sampuli. Sanger walikana kosa. Lakini tazameni: chuo kilikuwa na mkataba wa kushika mkononi, ndiyo maana kiliweza kudai.

Kuna pengo lingine. Itifaki ya Nagoya ya 2010, makubaliano ya kimataifa, inadai mgao wa faida kwa rasilimali za jeni za mimea na wanyama. Binadamu hayumo. Mtu akichukua mbegu za mbuyu wetu akatengeneza mafuta ya ngozi, kuna pa kumbana. Akichukua damu ya mtoto, tunabaki na fomu.

Mleta mada

Fundi, la 1954 nimekuelewa. Ni historia, si hati ya kudai. Na kweli, upimaji wa watoto wachanga utangulie. Nimelala nikilifikiria hilo.

Ila kwenye ukuta hujanishawishi. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zote zinazitambua taarifa za kijenetiki kuwa nyeti. Msingi upo. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa Tanzania, tayari inapitisha tafiti na mikataba ya kusafirisha sampuli, kwa hiyo sidai ofisi mpya. Nadai sharti moja kwenye mkataba ule ule: kikitokea kitu cha kuuzwa, bei ya hapa ijadiliwe kabla sampuli haijapanda ndege. Na fomu iandikwe Kiswahili cha mama anayeisaini, apewe nakala aende nayo nyumbani. Dada yangu hana hata nakala. Leo akitaka kujua damu ya mwanawe iko jokofu la nchi gani, hajui aanze kumuuliza nani.

Nyie mliowahi kusaini, mlipewa nakala?