Namfundishaje dogo kuoka mkate wa chachu ya asili kwa joto hili la Dar?

fundi_tandika: Wakuu habari za jioni. Naoka mkate wa chachu ya asili, yaani hamira ya dukani siweki kabisa, ni unga na maji vilivyochachuka vyenyewe. Nimemchukua mtoto wa dada yangu nataka aijue hii kazi kisawasawa, asiishie kubeba trei. Shida anafuata saa tu, nikisema donge liumuke masaa manne anakaa manne kamili, mchana wa jua kali donge limeshapitiliza linatepeta na kunuka siki, siku ya mvua ndo kwanza halijaanza. Nimfundishe vipi kulisoma donge lenyewe?

MamaMikate: Kaka mwondolee saa kwanza. Mpe ndoo ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, avishe ule mpira wa kufungia noti pale donge lilipoanzia, likipanda kama nusu zaidi aliunde. Likishaundwa, kabla ya oveni, abonyeze kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi fasta bado, likirudi taratibu lipo tayari, lisiporudi kabisa limepita.

kwa_mpalange: Mi saa nisingeitupa mama, ila iende na daftari, aandike joto la jikoni, maji yalikuwa ya baridi au vipi, muda, na mkate ulitokaje. Februari kukiwa na nyuzi 32 akandie maji ya friji na chachu apunguze, chumvi aiache palepale gramu 20 kwa kilo ya unga maana nayo inaishika chachu isikimbie. Hata Wafaransa, ufundi wao wa baguette (ule mkate mrefu mwembamba) ulioingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022, vijana wanasoma darasani huku wanafanya kazi na fundi, vyote viwili. Mikono peke yake bila kuandika, fundi akiumwa wiki moja kazi imesimama.

fundi_tandika: Nawashukuru sana, ndoo na daftari naanza navyo kesho. Na chachu nimgawie yake?

MamaMikate: Mgawie kabisa! Kijiko kimoja kinatosha, ailishe unga na maji uzito sawa, kwa joto letu asubuhi na jioni, awe anainusa kabla na baada. Nawe bakiza yako kwenye friji, yake ikiharibika aanzie hapo tena.