Naombeni ushauri: nafundisha sheria ya kimataifa kwa wanafunzi wasiosoma sheria

Wakuu, habari za jioni. Muhula huu nimepewa somo la sheria ya kimataifa, mwaka wa pili, uhusiano wa kimataifa. Wanafunzi 140, hakuna anayesomea sheria. Nilianza na kifungu cha 38 cha Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kinachotaja vyanzo vya sheria hii: mikataba, desturi, kanuni za jumla. Dakika ishirini tu, safu ya nyuma yote imeinamia simu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama hakuna polisi wa kumkamata rais, hii ni sheria kweli?" Nilijibu kwa maneno mengi, nikaona usoni kwake kwamba sijamjibu. Mliowahi kufundisha darasa la hivi, mlianzia wapi?

Mwana wa Nyasa: Anza na mgogoro wa Ziwa Nyasa, mkuu. Nimekulia Mbamba Bay. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, mpaka unapita ufukweni kwetu. Tanzania inasema upite katikati ya maji. Wape ramani na kifungu cha mpaka cha mkataba huo, nusu ya darasa iwe Malawi, nusu Tanzania. Wakishapamba moto, watolee azimio la Cairo la 1964, nchi za Afrika zilipoahidi kuheshimu mipaka ziliyoikuta siku ya uhuru. Waulize linambeba nani. Hapo simu zitawekwa chini.

Mama Semina: Swali la yule binti usilikwepe, ndilo somo lenyewe. Mpe kesi mbili. Kenya ilijitoa kwenye kesi ya mpaka wa baharini na Somalia mbele ya mahakama hiyo, hukumu ikatoka Oktoba 2021, Kenya ikaikataa. Atasema, "Si nilisema?" Sasa mpe Uganda. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliiamuru kuilipa Kongo fidia ya vita, dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka, na ikaanza kulipa. Polisi hakuna. Mwache atafute mwenyewe kwa nini ililipa.

Kalamu Nyekundu: Naunga mkono, ila kifungu cha 38 usikitupe. Kisogeze wiki ya nne, watakielewa. Na kwenye mtihani usiwakaririshe vifungu, wape mgogoro waandike hoja za pande zote mbili.

Mleta uzi: Ahsanteni sana. Jumatatu naanza na ziwa. Ila 140 nawagawaje?

Mama Semina: Kwenye semina, kumi kumi. Na yule binti mweke upande wa Malawi.