Mutu anasaidia klabu yetu sana lakini roho yangu haitulie, tufanye je?

koch_kadutu

Bandugu salamu. Niko koch wa batoto huku Kadutu, mu Bukavu, tunachezaka mara tatu kwa juma saa za mangaribi, tuko na batoto 46, bavulana na babinti, kuanzia miaka 8 mpaka 16, na sisi bakubwa tuko batano tu, bote ni ba kujitolea, hakuna mwenye analipwa hata franka. Tangu miezi tatu kuko papa mumoja wa hapa kartie anatusaidia, alinunua mipira 4 na jezi, kila mutu anamusifu. Sasa ameanza kuita batoto bawili batatu bapitie kwake nyuma ya mazoezi, na kila mara ni bale benye bazazi yao habana kitu, anabakulisha, anabapatia simu baangalie mechi. Na juzi alirudisha binti mumoja wa miaka 13 na pikipiki yake, saa mbili ya usiku, bila kuambia mutu. Niliuliza ule mutoto kama mambo ni sawa, akasema ndiyo, lakini aliangalia chini.

Wenzangu ba komite banasema nisiharibie mutu jina, eti bila yeye hatuna mipira. Kwenu muko na kanuni gani? Na nimuambie je huyu papa bila kumushitaki kitu chenye sikukiona?

mama_bagira

Koch, usingoje kuona. Ukingoja kuona, mutoto atakuwa amekwisha kuumia.

Kwetu mu korali ya batoto tuliweka kanuni tatu tu, na tulizisoma mbele ya bazazi bote siku ya yenga kisha misa. Hakuna mutoto kuenda nyumbani kwa mwenye kumufundisha. Hakuna mukubwa kubakia na mutoto mumoja peke yao, ikuwe mu chumba, ikuwe mu gari, ikuwe ku pikipiki. Na mutu akitaka kusaidia, ikuwe viatu, ikuwe minerval (makuta ya masomo), ikuwe mukate, analeta ku komite na inaandikwa mu kaye, hapana kupatia mutoto mukononi. Kusema kweli mwanzo ilikuwa nguvu, muzee mumoja alikasirika sana akasema tunamuhesabu sawa muhuni. Yenye ilisaidia ni kwamba prezida wa korali mwenyewe alianza kuitii, alikuwa anarudishaka mutoto wa dada yake na wenzake na gari, akaacha, mupaka mukubwa wa pili anapanda naye. Pale bote balinyamaza.

Kwa hiyo huyu papa usimuambie "wewe". Muambie "klabu yetu iko na kanuni kuanzia leo, ni ya bote, ata mimi". Mutu mwenye anapenda batoto kweli ataipokea, ata kama itamuuma kidogo. Mwenye atakazana na kubembeleza umuachie njia yake peke yake, huyo umuangalie sana.

muuguzi_ibanda

Nimefanya kazi miaka mingi na watoto walioumizwa, naomba nigusie hapo kwa binti. Koch, usimuulize tena na tena, na usimuulize mbele ya wenzake. Kama kuna mama au yaya anayemwamini, akae naye tu, wafanye kazi yoyote pamoja, mtoto huongea akiwa anaosha vyombo kuliko akiwa amekalishwa kwenye kiti. Akianza kusema, umsikilize mpaka mwisho, usiseme "kwa nini ulienda", na usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, maana itabidi uambie na atajua umemdanganya. Mwambie amefanya vizuri kusema. Kisha uandike maneno yake vile alivyoyasema yeye, na tarehe.

Na kama ni jambo la kushikwa kwa nguvu, musipoteze hata siku moja kwa kuita kikao cha familia. Dawa ya kuzuia ukimwi inatakiwa ianze kabla ya saa 72 kupita. Musimuoge, nguo alizokuwa nazo zisifuliwe, aende hospitali hivyo hivyo. Hapa Bukavu tuna Panzi, hospitali ambayo daktari Mukwege aliianzisha mwaka wa 1999, hakuna sababu mtoto wa Kadutu abaki nyumbani na maumivu.

avoka_kijana

Naongeza fupi. Sheria ya Kongo ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mutoto ni kila mutu mwenye hajatimiza miaka 18, kwa hiyo ile ya "ule binti amekwisha kukomaa" musiikubali. Na sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji hazikubali kesi iishe juu mutu amelipa. Mbuzi, makuta, kupatana kati ya familia, hiyo yote haimalize kesi.

Kuomba batu ba kujitolea balete karatasi ya mwenendo mwema ku komine ni vizuri, lakini musilalie pale, juu kesi nyingi hazifikake ku tribinali na karatasi inatoka safi. Mupige simu kwenye alisaidiaka mbele. Muulize kwa nini aliacha.

yaya_wa_nguba

Mimi naomba musisahau na bakubwa benye habawezi kujitetea. Kaka yangu iko na miaka 27 lakini akili yake ni ya mutoto, alikuwa anaendaka mu klabu moja kucheza ngoma na alifurahi sana. Kumbe mumoja wa bale ba kusaidia alikuwa anamutuma kubeba maji ya nyumbani kwake na kumunyanganya makuta yenye mama anamupatiaka. Miezi mingi. Kila mutu alisema "ni mukubwa, anaweza kukatala". Hapana, hawezi! Kuko sheria ya 2022 ya kulinda balemavu, lakini mu kiwanja mutu haitembee na sheria. Sasa tunajua jina ya mutu mumoja mwenye anakaa naye, na kila jioni anatupigia simu.

koch_kadutu

Aksanti sana bote, nilisomea komite maneno yenu. Tulisoma kanuni mbele ya bazazi siku ya posho. Yule papa alisikia, hakusema kitu, kesho yake alituma kijana akuje kuchukua mipira miwili, eti ilikuwa ya kuazimisha. Tumebakia na miwili.

Binti alirudi na shangazi yake. Niliombaka shangazi abakie, sasa njo anashika kaye ya kuandika nani amefika na nani amemurudisha. Juzi jioni balienda pamoja ku maji, bakakawia sana kurudi, na usiku shangazi alinipigia simu akaniambia kesho asubui tukutane bawili mbele ya kiwanja kufunguka. Njo nataka kuenda sasa.