Tiketi yangu kafunga kwa dakika 4, video yenyewe ina dakika 6!

Mpimaji_wa_Keko: Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mwandika programu, mnamjua, kila ofisi ya programu inaye. Tiketi, yaani ripoti ya kasoro ya programu, nimeiweka saa 3:10 asubuhi, saa 3:14 kaifunga: "Kwangu inafanya kazi." Video niliyoambatanisha ina dakika 6. Kaiangalia saa ngapi?

Na kasoro yenyewe si rangi ya kitufe! Mtandao ukizubaa, mteja akabonyeza LIPA mara ya pili, anakatwa hela mara mbili. Nimeandika hatua zote, aina ya simu, toleo la programu, namba za miamala yote miwili. Nimelala saa 8 usiku. "Kwangu inafanya kazi"! Kwako wapi, kwenye waifai ya ofisi? Mteja yuko ndani ya daladala la Mbagala, kasimama mguu mmoja!

Dakika 4, wakuu. Chai yangu ilikuwa bado inafuka moshi.

FundiMchundo: Pole mkuu. Kichwa cha tiketi uliandikaje?

Mpimaji_wa_Keko: HARAKA SANA!!! HELA ZA WATU!!!

FundiMchundo: Ndiyo maana. Ya wiki jana ya nukta kukosekana nayo ilikuwa HARAKA SANA.

BibiSeva: Jibu hilo ni la kale. Bugzilla ya Mozilla, mfumo wa kufuatilia kasoro wa tangu 1998, ina hali kabisa ya WORKSFORME, yaani "kwangu inafanya kazi". Mtu anachagua tu, imeisha. Ila kila ombi la malipo lipeni namba yake ya kipekee, seva ikiiona tena isikate.

Mpimaji_wa_Keko: Nimeandika hivyo hivyo kwenye tiketi! Angesoma! Dakika 4!

Kijana_wa_Kodi: Nyie mnafungiwa na mtu, shukuruni. Kwetu ni roboti. Tiketi ikikaa kimya siku 60 inafungwa. Kila mwezi naingia kuandika "bado ipo" kama mtu wa dhamana anayeripoti kituoni.

MamaFaili: Roboti! Sisi ni Excel kwenye grupu la WhatsApp. Leo kuna "kasoro_mwisho", "kasoro_mwisho_kabisa" na "kasoro_mwisho_ya_bosi". Nyekundu ndiyo imekamilika.

Kijana_wa_Kodi: Nyekundu imekamilika?? Na kijani?

MamaFaili: Kijani ni ya bosi, haiguswi.

FundiMchundo: Kwetu kijani ni aliye likizo.

Mpimaji_wa_Keko: Jamani, dakika 4...

MamaFaili: Nani ana ile ya Jumanne kabla haijapakwa zambarau? Anirushie PM.