Nyuma ya picha ya zamani pameandikwa "Radiophoto", ndo nini hii?

Mtaa wa Pili:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Ohio huku, juzi kwenye mnada wa vitu vya marehemu nimepata picha ya wanajeshi wanashuka kwenye boti, nyuma kuna kikaratasi kimepigwa taipu, Machi 1945, halafu hilo neno "Radiophoto". Sasa redio na picha wapi na wapi? Na picha yenyewe ina vimistari vyembamba vimeipita toka upande huu hadi huu, uso wa askari mmoja ni kama kuna mtu kapitisha brashi, nyusi zimekolezwa wino kabisa. Nataka niiskani nifute hiyo mistari kwenye kompyuta maana naona imechakaa. Nani anajua?

Fundi Mawimbi:
Usifute mkuu, nakuomba! Huo sio uchakavu, picha imezaliwa nayo. Radiofoto ni picha iliyorushwa kwa redio, ni simu ya upepo ile ile ila imebeba picha. Walikuwa wanaivisha picha kwenye silinda, silinda inazunguka, kinukta cha mwanga kinaipitia mstari kwa mstari, penye weupe mwanga unarudi mwingi penye weusi unarudi kidogo, kijicho cha umeme kinaugeuza kuwa mlio, mlio unarushwa masafa mafupi. Huko unakokwenda kuna silinda nyingine iko gizani imevishwa filamu, nayo inazunguka mwendo ule ule na kitaa kinachora upya. Silinda zikipishana mwendo kidogo tu picha inakwenda upogo. Na masafa mafupi mnayajua, mara inasikika mara inafifia, kila ikififia unaachiwa mchirizi. Ndo maana magazeti yalikuwa na wachoraji, picha ikitua wanakoleza nyusi, kola, mtutu wa bunduki, ndo iende mtamboni. Hiyo brashi ni mkono wa mtu wa chumba cha habari wa 1945!

Mtaa wa Pili:
Duh, mkuu asante sana. Kwa nini wasipitishe kwenye waya tu za simu?

Fundi Mawimbi:
Ndani ya Marekani walipitisha, shirika la habari la AP lilianza Januari 1935, na zile ziliandikwa "Wirephoto". Shida bahari. Kebo ya kwanza ya simu za sauti kuvuka Atlantiki imekuja 1956. Kwa hiyo RCA, kampuni ya redio ya Marekani, walihangaika na redio mapema, 1924 injinia wao Richard Ranger akavusha picha ya Rais Coolidge wa Marekani kati ya New York na London, 1926 ikawa huduma ya kulipia, wao waliiita "photoradiogram". Na ile picha ya mpiga picha wa AP Joe Rosenthal, wanajeshi wa Marekani wanasimika bendera kwenye kisiwa cha Iwo Jima huko Japani tarehe 23 Februari 1945, filamu ilipandishwa ndege mpaka kisiwa cha Guam, ikasafishwa huko, ikarushwa kwa redio, jumapili ya tarehe 25 iko kwenye magazeti Marekani. Bila redio ungesubiri ndege ivuke Pasifiki nzima. Yako ni ya mwezi uliofuata, hebu ishike vizuri.

Baharia Mstaafu:
Vijana, neno limekufa ila kitu chenyewe mimi nimekifanyia kazi miaka mingi melini. Ramani za hali ya hewa tulizipokea hivyo hivyo, tunaziita faksi ya hewa, na mpaka leo Walinzi wa Pwani wa Marekani wanazirusha toka Boston. Mistari 120 kwa dakika, spika inalia kri-kri kri-kri, karatasi inatoka taratibu mno, unasimama pale na chai yako unaona pwani inatokea, halafu duara za mgandamizo wa hewa zinaanza kubanana, unajua kabisa dhoruba iko hapo ila kitovu chake bado hakijatoka kwenye mashine. Na mawasiliano yakiharibika katikati basi, unabaki na nusu ya bahari.

Mtaa wa Pili:
Shikamoo mzee. Sifuti kitu, naiskani mbele na nyuma kama ilivyo. Kikaratasi kimeanza kubanduka pembe moja, nikigundishe?

Fundi Mawimbi:
Hapana, gundi ya dukani itapenya mpaka mbele, selotepu ndo kabisa usiisogeze. Tia vyote kwenye bahasha ya karatasi, sio nailoni. Na ukishaskani rusha hapa, huo uso wenye nyusi nataka niuone kwa karibu.