Kikundi: Wana wa Mzee Makame, Konde

IJUMAA

19:42 Salma: Asalaam alaykum jamaa. Natoka kwa Ami Hamad sasa hivi. Kile kidonda cha unyayo bado kipo, tena kimekuwa kipana kuliko tulivyokiona Ramadhani. Naomba kila mtu asome, tusije tukasema hatukuambiwa.

19:44 Salma: Kipo chini ya kidole gumba. Pembezoni ngozi imekuwa nene na ngumu, katikati shimo. Nimemgusa hakushtuka. Anasema hakimuumi hata chembe.

20:10 Kassim: Kama hakiumi si kheri. Kinapona hicho.

20:11 Salma: Kinapona tangu mvua za masika, Kassim?

20:15 Rashid: Ami na miguu yake. Ndo ile iliyomkimbiza ng'ombe mpaka Makangale 😂

20:16 Khamis: 😂😂 kikoi kikabaki mwibani

20:17 Rashid: Ng'ombe ndo alorudi na kikoi

20:21 Salma: Nyie! Nazungumza mguu wa mtu.

20:22 Salma: Rukia upo? Weye ndo muuguzi wetu.

21:35 Rukia: Waalaykum salaam, nilikuwa zamu. Da Salma, hilo la kutouma ndilo linalonitisha. Kidonda cha unyayo, mahali panapobeba uzito, chenye ukingo mgumu na mtu hasikii maumivu: mara nyingi neva za mguu zimekufa ganzi. Mtu anakanyaga mwiba au anachubuliwa na kiatu, hajui, anaendelea kutembea juu yake. Sababu kubwa ya ganzi hiyo ni kisukari. Ukoma nao unaua hisia, kwa hiyo wataangalia na mabaka ya ngozi. Mjomba kapimwa sukari lini?

21:37 Salma: Hajapimwa.

21:38 Khamis: Ami hanywi hata soda jamani

21:40 Rukia: Kaka Khamis, soda si kipimo. Anakunywa maji sana? Anaamka usiku?

21:41 Salma: Mkewe kasema anaamka kukojoa usiku kucha, na kiu haimuishi. Na kakonda.

21:43 Rukia: Basi apimwe haraka. Akipimwa hajala tangu usiku, ikifika 7.0 (mmol kwa lita) au zaidi ni kiwango cha kisukari. Kipo na kipimo kinachoonesha sukari ya miezi kama 3 nyuma, hicho kikifika 6.5 kwa mia nacho ni kisukari. Kwa kawaida wanarudia kipimo ndo wathibitishe.

21:50 Kassim: Mie nilishampa dawa. Nimefungua vile vidonge vya rangi mbili nikamnyunyizia ule unga. Na afungwe bendeji ya kukaza kama aliyofungwa Shangazi Time, si alipona?

21:58 Rukia: Kaka Kassim kwa heshima zote, usimtie unga tena. Unaganda juu, chini panaoza, na daktari hawezi kuona kitu. Vidudu vipo juu ya kila kidonda. Dawa ya vidudu ni pale kimeambukizwa: wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha, harufu, homa.

22:03 Rukia: Na kidonda cha mama yangu, Shangazi Time, si hichi. Cha mama kilikuwa juu ya kifundo upande wa ndani, si kirefu kwenda chini, kinatoa maji, ngozi pembeni imekuwa nyeusi, na mguu ulikuwa ukivimba jioni. Hiyo ni mishipa ya kurudisha damu moyoni, vali zake zimechoka na damu inatuama mguuni. Kwa kidonda kile bendeji ya kukaza na kuinua mguu ndo dawa yenyewe. Lakini kwanza walimpima presha ya mkono na ya kifundo. Ya kifundo ukiigawa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.9, ni dalili mishipa inayopeleka damu mguuni imebana. Mguu kama huo ukiukaza ovyo unaunyima hata ile damu ndogo iliyobaki. Kidole kinaweza kufa.

22:04 Rukia: Na kwa mwenye kisukari kipimo hicho kinaweza kudanganya maana mishipa inakakamaa. Ndo maana lazima waupapase mguu: mapigo juu ya wayo, mapigo nyuma ya kifundo, kama mguu baridi, kama vinyweleo vimenyonyoka.

22:09 Khamis: Na vile vya Ali wangu, vya vifundo vyote viwili?

22:11 Rukia: Vya Ali ni sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kaka. Damu inakwama kwenye mishipa midogo. Mahali karibu ni pamoja na pa mama, sababu nyingine kabisa.

22:15 Rashid: Kumbe vidonda navyo vina ukoo 😂 sie tuko upande gani

22:19 Kassim: Mie nasema waziwazi. Hiki kitu Ami katupiwa. Tangu ile mikarafuu ya bondeni hakuna aliyelala salama nyumba ile. Na walioichukua wanajijua.

22:20 Salma: Kassim usianze.

22:21 Kassim: Naanza nini? Bibi alipougua nani aliuza?

22:26 Salma: Bibi alipougua alilala kitanda kimoja miezi, kiuno na visigino vikawa vidonda mpaka mfupa unaonekana. Ilitakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Tuliomgeuza ni mie na Bi Asha. Nyie mlikuwa bondeni mnahesabu mikarafuu. Sasa nisemeshe tena.

22:27 Khamis amefuta ujumbe huu

22:40 Rashid: Tulaleni jamani

JUMAMOSI

07:15 Bi Asha: 🎤 ujumbe wa sauti (2:31)

07:50 Khamis: Sina bando, kasemaje?

08:02 Rukia: Nayaandika kama alivyosema: "Mie Asha. Mjukuu kanisomea maneno yenu yote. Mama yangu kafa na vidonda vya kulala, nimemuosha kwa mkono wangu, najua harufu yake. Sitaki kusikia mikarafuu na kidonda pahala pamoja. Hamad mdogo wangu, ntamwambia mie. Kombe la aya za Kurani ntamwandikishia na atalinywa. Na hospitali atakwenda. Kombe halijakataza kipimo. Na aliyetia unga asitie tena."

08:04 Khamis: Naam Shangazi

08:05 Salma: Naam Shangazi. Mungu akuweke.

08:31 Rashid: Naam Bi Asha

10:20 Kassim: Naam.

11:48 Mwanajuma (Maskati): Nimesoma yote sasa hivi nikiwa kazini, nalia. Kila nikipiga Baba ananiambia mzima. Kwa nini hakuna aliyenambia? Pesa natuma leo. Nimtumie nani?

11:50 Salma: Nitumie mie.

11:50 Kassim: Nitumie mie, gari ni yangu.

11:55 Mwanajuma (Maskati): ...

12:10 Rukia: Da Mwanajuma, pesa itapatikana njia. Sikilizeni watakachofanya. Waende hospitali ya Wete. Asubuhi asile, maji tu. Watapima sukari, watamgusa unyayo kwa kijiuzi cha plastiki amefumba macho waone anasikia wapi. Watapapasa mapigo. Kama shimo linafika mfupani watataka picha ya eksirei. Kukiwa na haja zaidi watamwandikia aende hospitali ya Abdalla Mzee au Mnazi Mmoja. Na kwa vile kimekaa muda mrefu hivi, wakisema wakate kipande kidogo cha ukingo wakapime saratani, msikatae. Kidonda cha muda mrefu kinaweza kugeuka.

12:12 Rukia: Mpaka siku hiyo asiukanyagie mguu huo. Asiuloweke maji ya moto, hausikii, ataungua.

12:30 Salma: Jumatatu basi. Saa 12 alfajiri nipo mlangoni kwake. Kassim gari?

14:05 Ami Hamad: Nimeyaona. Jumatatu nna wachumaji shambani

14:06 Salma: Ami, wachumaji atawasimamia Khamis.

14:06 Khamis: Mie??

14:20 Ami Hamad: Bi Asha kashanipigia. Haya. Jumatano

14:22 Rukia: Mjomba shikamoo. Jumatano ni mbali lakini Inshaallah. Ila ukiona kidole kimebadilika rangi, au homa, au wekundu unapanda, usingoje Jumatano wala gari la mtu. Siku hiyohiyo.

14:31 Ami Hamad: Marahaba mwanangu

14:33 Mwanajuma (Maskati): Baba kesho nakupigia kwa video, nataka kuuona huo mguu

16:10 Salma: Kassim, gari Jumatano? Na mafuta nani? Nahitaji jibu leo.

16:11 Salma: Naona umesoma.

18:47 Kassim: Ipo kwa fundi. Ntakwambia